Edge, verge, brink, border, margin: uandike lipi ukitaka kusema "ukingoni"

Kiswahili kinatupa raha moja, ukishasema ukingoni umemaliza. Kikombe kiko ukingoni mwa meza, nyumba iko ukingoni mwa mto, kampuni iko ukingoni kufilisika, watu wameelewa na mazungumzo yanaendelea. Kiingereza hakiko hivyo kabisa. Kule kuna edge, verge, brink, border, boundary, margin, rim, brim na mengine, na kamusi nyingi zinayarundika yote chini ya "ukingo" afu zinakuacha hapohapo, matokeo yake mtu anaandika barua ya kazi au ripoti ya mradi au anatafsiri habari, anachukua lolote lililo karibu, na Mwingereza akisoma anaelewa ila anahisi kuna kitu hakijakaa.

Msimamo wangu ni kwamba kukariri orodha ya misemo kunachosha na hakusaidii sana, bora ujue neno lilizaliwa wapi. Haya maneno hayajasahau kwao hata kidogo. Edge lilitoka kwenye upanga, verge lilitoka kwenye fimbo, brink lilitoka kwenye mteremko mkali, na ukishajua hilo tu, mara nyingi mkono wenyewe unachagua sawa.

Tuyaweke pamoja kwanza kwenye meza:

The cup is on the edge of the table. Sawa.
The cup is on the verge of the table. Hapana.
The cup is on the brink of the table. Hapana.

Sasa tuyaweke kwenye madeni:

The company is on the edge of bankruptcy. Inapita.
The company is on the verge of bankruptcy. Sawa, yaani kufilisika kumekaribia.
The company is on the brink of bankruptcy. Sawa, na hapa watu wanakimbizana kuiokoa.

Ukiangalia vizuri tayari mgawanyo umejionyesha, edge ni la vitu unavyoweza kushika kwanza, halafu ndo likaazimwa kwa mambo mengine, wakati verge na brink siku hizi karibu kila mara ni ya matukio, jambo ambalo bado halijatokea ila liko mlangoni.

Nianze na edge maana ndo linalotumika kuliko yote. Kwenye Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, liliandikwa ecg, na maana yake ilikuwa makali ya chuma kinachokata, washairi wa wakati huo walilitumia hata kumaanisha upanga wenyewe. Yule mfalme wa Wessex aliyetawala kuanzia 802 mpaka 839, Ecgberht, jina lake limeunganishwa na neno hilohilo pamoja na neno la kung'aa, yaani ni kama kuitwa Makali Yang'aayo. Ukirudi nyuma zaidi mzizi wake ni wa ukali na ncha, ndo huohuo uliozaa Kilatini acus, sindano, na acidus, kitu kichachu, ambako Kiingereza kikapata acid. Kwa hiyo makali ya panga na ukali wa ndimu ni ndugu wa damu.

Hapa ndo sisi waswahili tuna bahati ambayo watu hawaioni. Neno letu makali linafanya kazi karibu ileile ya edge upande huu wa ukali. Tunasema makali ya kisu, tunasema pia makali ya njaa, makali ya maisha, makali ya mgao wa umeme. Kwa hiyo ukikutana na to take the edge off usihangaike, ni kupunguza makali tu, umekula karanga mbili tatu kupunguza makali ya njaa, umemeza dawa kupunguza makali ya maumivu. Na wale wanaoandika CV, competitive edge ni yale makali yanayokufanya uwazidi wenzako kidogo, bondia au mwanasheria aliyezeeka kazini akianza kuzidiwa wanasema he has lost his edge, makali yameisha. Verge na brink haziingii hapo hata kwa bahati mbaya kwa sababu hazijawahi kukata kitu.

Waliosoma Biblia kwa lugha mbili wanalijua hili bila kujua wanalijua. Waebrania 4:12 neno la Mungu linafananishwa na upanga ukatao kuwili, tafsiri ya Kiingereza ya 1611 inasema twoedged sword, makali mawili. Na Ezekieli 18:2 pale baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi, Kiingereza chao kinasema meno yamekuwa set on edge. Ile ganzi ya kitu kichachu kwenye meno, wao wameiita makali.

Kuna mtego mmoja mdogo lakini unaumiza. On edge bila the ni mtu mwenye wasiwasi, roho juu, simu ikilia tu anaruka. On the edge ikiwa na the ni mahali, pembeni kabisa mwa kitu, au hali ya mtu aliyefika mwisho wa uvumilivu. Mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo yuko on edge. Mtoto aliyekaa pembeni ya kitanda yuko on the edge of the bed. Ukiiacha ile the au ukaiongeza umebadilisha habari nzima.

Na kabla sijaacha edge, to egg someone on haina uhusiano wowote na yai! Ilitoka kwa watu wa Skandinavia, kwenye kitenzi eggja, kuchochea, ukoo mmoja na edge. Yaani unamnoa mtu makali mpaka akarushe ngumi. Kwetu tunasema kumtia ndimu, na nimeshasema hapo juu ndimu na makali yanatoka familia moja kule kwao, kwa hiyo ukitafsiri to egg on kwa kutia ndimu umepatia mara mbili.

Haya, verge. Hili ndo nalipenda kuliko yote kwa sababu safari yake ni ndefu na hakuna anayeitarajia. Kilatini virga ni fimbo, kijiti, Kifaransa kikalichukua likawa verge, Waingereza nao wakalipokea likiwa bado fimbo, tena fimbo ya madaraka ile anayobeba mkubwa wa nyumba ya mfalme kuonyesha kwamba hapa anaongea kwa niaba ya mfalme. Eneo linalozunguka mahali mfalme alipo, maili 12 kila upande, kama kilomita 19, lilikuwa chini ya mamlaka ya fimbo hiyo, wakawa wanasema within the verge, ndani ya fimbo. Mfalme akihama, duara linahama naye. Polepole watu wakaacha kufikiria fimbo wakawa wanafikiria eneo, kisha wakafikiria mpaka wa eneo, kisha mpaka wowote, kisha ukingo wowote. Ndo ilivyokuwa, fimbo ikageuka ukingo.

Na hii habari ya maili 12 haikuwa ya makaratasi tu. Mei 30, 1593, mwandishi wa tamthilia Christopher Marlowe, aliyezaliwa mwaka mmoja na Shakespeare, alichomwa kisu juu ya jicho la kulia kwenye nyumba moja Deptford, akafa. Kawaida kifo kama hicho kingechunguzwa na afisa wa eneo husika. Lakini uchunguzi uliongozwa na William Danby, mchunguzi wa vifo wa nyumba ya Malkia Elizabeth I, kwa sababu Deptford siku hiyo ilikuwa ndani ya verge, malkia alikuwa karibu kuliko maili 12. Baraza la watu 16 likakaa, aliyeua, Ingram Frizer, akaonekana alijitetea, na haukupita mwezi msamaha ukatoka. Ile ripoti ilikuja kuonekana kwenye nyaraka za serikali London mwaka 1925, na mpaka leo wanaohoji kifo kile wanarudi kwenye swali hilohilo, kwanini mtu wa malkia ndiye aliyechunguza. Jibu la kisheria ni neno verge.

Fimbo yenyewe bado ipo. Kwenye makanisa makuu ya Anglikana kuna mtu anaitwa verger, anatangulia maandamano ya ibada ameshika fimbo, cheo chake ni neno hilihili. Na Uingereza ile nyasi ya kando ya barabara inaitwa verge, kwa hiyo ukisoma habari ya ajali wakasema gari limeishia on the verge, mtafsiri asikimbilie "karibu kutokea", gari limeishia kwenye nyasi. Mmarekani halitumii hivyo.

Kwenye matumizi ya kila siku sasa, on the verge of maana yake tukio limekaribia sana, na halijali kama ni zuri au baya, kubwa au dogo. On the verge of tears, machozi yanamlengalenga. On the verge of signing the contract, bado kusaini tu. On the verge of falling asleep, usingizi umeshamchukua nusu. Kama bado unasitasita kati ya verge na brink na jambo lenyewe ni dogo au ni la heri, andika verge, hutakosea.

Kingine watu wanachochanganya ni kitenzi to verge on. Kinafanana kabisa na kwa sehemu kimetoka kwenye fimbo hiyohiyo, lakini kimechanganyika na kitenzi kingine kilichotoka kwenye Kilatini vergere, kuinama kuelekea upande fulani, ndugu zake ni converge na diverge, njia zinazokutana na njia zinazoachana. Ila kwa vile zimefanana sana na maana zimekaribiana, kwenye vichwa vya watu zimeshaungana.

Brink ni habari nyingine, hili halina upole. Liliingia Kiingereza kwenye zama za kati kutoka kwa majirani wa kaskazini, ukoo wake ni neno la Skandinavia la zamani brekka, mteremko mkali. Wasweden bado wanalitumia hivyohivyo, Stockholm mji wa kale kuna mtaa unaitwa Storkyrkobrinken, mteremko wa kanisa kuu, na kweli unashuka kutoka kanisani. Kwa hiyo brink ndani yake kuna kushuka, kuna kuteleza. Unaposema mtu yuko on the brink msomaji anaona shimo mbele yake.

Ndo maana linapenda majanga: vita, njaa, kufilisika, kutoweka. Faru weupe wa kaskazini ni mfano ulio karibu yetu, dume la mwisho, Sudan, alikufa Machi 19, 2018 pale kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, Kenya, wakabaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu, na magazeti ya Kiingereza karibu yote yaliandika on the brink of extinction. On the verge of extinction siyo kosa, inaandikwa pia, lakini brink ndo inabeba ile hisia kwamba hatua moja tu mbele na hakuna kurudi.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa tofauti ya hizi mbili unatoka kwa John Foster Dulles, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati wa Eisenhower. Januari 1956 jarida la Life lilitoa mahojiano yake, akasema kuna watu wanasema kwamba tulifikishwa to the verge of war, akakubali kwamba ni kweli tulifikishwa, akasema uwezo wa kufika kwenye verge bila kuingia vitani ndo sanaa inayohitajika, na mwisho akamalizia kwamba ukiogopa kwenda to the brink umekwisha. Hesabu mwenyewe, verge mara tatu, brink mara moja, tena mwishoni. Lakini ni lipi lililobaki? Wapinzani wake, Adlai Stevenson akiwa mbele, wakaidaka ile brink wakatoka nayo, siasa hiyo ikaitwa brinkmanship, na miaka sita baadaye Oktoba 1962 makombora ya Cuba yalipowakutanisha Kennedy na Khrushchev, neno lilikuwa tayari linawasubiri. Vergemanship hakuna. Verge inakuambia umekaribia, brink inakuonyesha utakakoangukia, na kwenye kutisha watu ya pili ndo inashika.

Jaribio dogo la kujipimia: jiulize kama unaweza kusema "wamerudishwa kutoka". Back from the brink ipo, inatumika kila siku, kampuni imerudishwa, nchi imerudishwa. Back from the verge haikai, kwa sababu hakukuwa na shimo la kuokolewa nalo. Kwa hiyo kama habari yako ina uokoaji, chagua brink. Nikiri magazeti saa nyingine yanaandika on the brink of a breakthrough, kwa jambo zuri, inakubalika kama jambo ni kubwa la kubadilisha kila kitu. Ila on the brink of getting a haircut hapana, hiyo msomaji atashangaa.

Tuhamie mipaka, na hapa makosa ni mengi kwa sababu Kiswahili kina mpaka tu, na Kiingereza kina border, boundary na frontier. Njia rahisi ya kukumbuka iko Kenya. Ile tume inaitwa Independent Electoral and Boundaries Commission, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Boundaries, siyo borders, kwa sababu kazi yake ni kuchora mistari ya majimbo na wadi, na ukivuka kutoka jimbo moja kwenda lingine hakuna anayekuuliza paspoti. Nenda sasa Namanga, unaposhuka kwenye basi kugonga muhuri wa kuingia Tanzania, pale ni One Stop Border Post. Border, kwa sababu hapo nchi mbili zinagusana, kuna uhamiaji, kuna forodha, kuna bendera. Mpaka huohuo wa Kenya na Tanzania ukiwa unaongelea mstari wenyewe kwenye ramani na vile vigingi vyake utaandika boundary, ukiongelea kuuvuka utaandika border.

Kwa hiyo mpaka wa shamba na jirani ni boundary, bikoni zile ndo asili yake kabisa, neno bound lilitokana na Kilatini cha zama za kati bodina, alama ya mpaka. Na mtu akikuambia you need to set boundaries, ujiwekee mipaka na ndugu wanaokopa bila kurudisha, ni boundaries pia, usiandike borders, utaonekana umejenga kituo cha forodha sebuleni.

Border lenyewe ni Kifaransa cha kale bordure, ukoo mmoja na board, ubao, na lilihusu pambo linalozunguka kitu pembeni. Maana hiyo iko hai kwenye kanga! Lile pindo linalozunguka mji wa kanga, Kiingereza chake ni border, na ukiandika edge of the kanga watafikiria ile nyuzi ya mwisho kabisa. Wenye biashara ya vitambaa wana neno lingine pia, selvedge, upande wa kitambaa uliofumwa usifumuke, nalo ni self na edge zimeunganishwa, kitambaa kilichojipa ukingo chenyewe. Kwa anayeuza kanga nje ya nchi tofauti hii ni ya muhimu kwelikweli, mteja akiuliza habari za border anauliza mchoro wa pindo, akiuliza selvedge anauliza kama pembeni patafumuka.

Frontier halitumiki sana, ni ukanda mzima siyo mstari, lilitoka kwenye front, na front ni Kilatini frons, paji la uso, yaani upande unaotazamana na usiowajua. Wakoloni Waingereza waliita kaskazini mwa Kenya Northern Frontier District, na jina lile lilionyesha walivyopaona, mahali pa pembeni pa kulinda, siyo pa kuendeleza. Leo ukiandika frontier kuhusu mahali wanapoishi watu fikiria mara mbili.

Margin ni la karatasi na la hesabu. Kilatini margo, ukingo, na kwenye lugha za Kijerumani ndugu zake ni mark, alama au mpaka, ambayo imo mpaka kwenye jina la Denmark. Pambizo ya ukurasa ni margin, pale Pierre de Fermat kwenye miaka ya 1630 aliandika kwamba ana uthibitisho mzuri wa hesabu yake ila pambizo ni finyu haimtoshi, wanahisabati wakahangaika zaidi ya miaka 350 mpaka Andrew Wiles alipoimaliza kwenye miaka ya 1990. Kutoka hapo ndo ile maana ya nafasi inayobaki, profit margin ni kinachobaki ukitoa gharama, kushinda kwa narrow margin ni kushinda kwa kura chache. Na watu waliosukumwa pembezoni ni marginalised, siyo edged, siyo bordered. Kama kuna namba au nafasi ya kubaki, ni margin.

Rim na brim nipite haraka. Vyote ni vya duara. Rim ni ile duara yenyewe, ya gurudumu, ya miwani, ya kikombe, na waongoza watalii wa Ngorongoro wanaijua vizuri kwa sababu kule juu unapochungulia kreta, karibu mita 600 kabla hujafika chini, ni the crater rim na hakuna anayesema crater edge isipokuwa mgeni. Brim ni ya kofia na ya chombo kinachojazwa, filled to the brim, pomoni. Arusi ya Kana mabalasi yalijazwa hata juu, Kiingereza up to the brim.

Mwisho niseme kidogo kuhusu vitenzi maana vinasaidia sana kuandika. Edge kama kitenzi ni kusogea kidogokidogo, the daladala edged forward, ile ya foleni, tairi nusu nusu. Border on na verge on zote ni kukaribia tabia fulani, majibu yake yanakaribia utovu wa adabu, his answer bordered on rudeness, hapo chagua unayotaka, mimi naandika border kama hali imetulia pale pembeni na verge kama inazidi kuelekea huko. Brink haina kitenzi, kwa hiyo ukitaka kitenzi hapo ubadilishe sentensi, useme nchi inateleza, sliding, au inayumba, teetering, na teetering on the brink ni jozi ambayo wahariri hawaigusi kabisa, unaweza kuiandika bila wasiwasi.